Kwa nini mavyaa wako analia kwa muziki wa mashine

SWALI: Shikamoo Mzee. Mimi ni mtu wa Tanga, nimeolewa Ujerumani na tunaishi Leipzig. Mavyaa wangu ana miaka 54 na tangu usichana wake ni mpenzi wa Depeche Mode, bendi ya Waingereza. Nyumba imejaa santuri zao, na anajivunia kwamba akiwa na miaka 17 aliwaona Berlin Mashariki kabla ukuta haujaanguka. Albamu yao ya mwaka 2023, Memento Mori, anaipiga kila Jumapili akipika, na ukifika wimbo wa Ghosts Again anaacha mwiko na kugeukia dirishani. Mwezi Mei mwaka huo alikwenda kuwatazama hapa hapa Leipzig, akarudi macho yamevimba. Mimi nimekulia taarabu na dansi. Nikisikiliza nasikia mashine zinavuma na mzee mwenye sauti nzito anaimba habari za kufa. Kuna nini humo nisichokisikia? Au ni mapenzi ya zamani tu? Ningependa nikae naye nisikilize kwa moyo, nisiwe mtu wa kuvumilia.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Swali lako nimekaa nalo siku tatu. Mimi ni fundi wa vinanda. Kwa zaidi ya miaka thelathini nimefungua na kufunga vinanda vya bendi za dansi na vikundi vya taarabu, na hayo maneno yako, "mashine zinavuma", nimeyasikia mara nyingi, hasa kwa wazee waliochukia siku kinanda cha umeme kilipoingia kwenye taarabu kikawatoa wapiga fidla jukwaani. Kwa hiyo utaniwia radhi nikienda kwa kirefu. Depeche Mode nawajua tangu kaseti ya baharia mmoja iliyofika Tanga mwaka 1986, jalada limepauka kwa jua. Memento Mori nimeisikiliza kwa masikio ya kazi, halafu nikaisikiliza tena kama mtu mzima ambaye naye amezika marafiki.

Nianze na tarehe, maana nadhani hakuna aliyekwambia. Andrew Fletcher, mmoja wa waasisi wa bendi, ambaye wenzake na mashabiki walimwita Fletch, alifariki ghafla nyumbani kwake tarehe 26 Mei 2022, akiwa na miaka 60. Mshipa mkuu wa damu utokao moyoni ulichanika. Bendi ilipanda jukwaani kwenye uwanja wa Festwiese, hapo Leipzig, tarehe 26 Mei 2023. Hesabu mwenyewe. Jioni ile mavyaa wako alikuwa kwenye hitma ya mwaka, pamoja na makumi ya maelfu ya watu waliovaa nyeusi kama yeye.

Sasa huyo Fletch alikuwa nani hata watu wazima wamlilie? Hakuwa mwimbaji, hakuwa mtunzi, na hata kwenye kinanda alipiga mistari michache. Bendi ilianza mwaka 1980 huko Basildon, mji mpya uliojengwa mashariki ya London baada ya Vita Kuu ya Pili. Walikuwa vijana wanne: Vince Clarke, Martin Gore, Fletcher, na Dave Gahan aliyechukuliwa mwisho kwa ajili ya sauti yake. Gore alikuwa karani wa benki, Fletcher alifanya kazi ofisi ya bima. Clarke ndiye aliyetunga karibu nyimbo zote za albamu ya kwanza, ya mwaka 1981, na kabla mwaka haujaisha akaondoka zake. Baadaye akaanzisha Yazoo, kisha Erasure. Watu wakasema hapo bendi imekwisha. Gore akashika kalamu na hajaiweka chini mpaka leo. Alan Wilder, mpiga kinanda hodari, aliingia mwaka 1982 akakaa mpaka 1995, na katika miaka yake ndipo zilipotoka santuri ambazo bila shaka mavyaa wako hakubali uzishike kwa vidole vya mafuta, Violator ya mwaka 1990 ikiwemo.

Katika filamu ya mwaka 1989 iliyofuata ziara yao ya Marekani, Fletcher aligawa kazi za bendi mbele ya kamera: Martin mtunzi, Alan mwanamuziki mzuri, Dave mwimbaji, na yeye mwenyewe anazurura tu. Mashabiki walimpenda kwa neno lile, lakini mtu aliyekaa na bendi anajua ukweli wake. Kila bendi niliyowahi kuihudumia ilikuwa na mtu wa namna hiyo. Ndiye anayeshika daftari la fedha. Ndiye anayejua gari linaondoka saa ngapi na nani hajala. Mtunzi akinuna na mwimbaji akinuna, yeye hulala nyumba ya huyu leo na ya yule kesho mpaka Ijumaa wapande jukwaani pamoja. Fletcher alifanya hivyo kwa zaidi ya miaka arobaini. Na kwa Gore alikuwa rafiki tangu shuleni, kabla ya muziki wowote.

Nyimbo nyingi za Memento Mori Gore alizitunga wakati wa korona, watu wote wamefungiwa ndani. Na jina la albamu lilikwisha chaguliwa kabla ya msiba. Ni Kilatini, maana yake "kumbuka kwamba utakufa". Wachoraji wa Ulaya wa zamani walikuwa wakiweka fuvu la kichwa pembeni mwa picha kwa nia hiyo hiyo. Wewe umelelewa na "kila nafsi itaonja mauti", kwa hiyo jina lisikutishe. Fletcher alikuwa anasubiriwa studio. Akafa wiki chache kabla, hakuwahi kusikia hata wimbo mmoja. Wawili waliobaki wakajikuta wameshika daftari la nyimbo za mauti zilizoandikwa kabla ya mauti kubisha hodi. Wangeweza kuahirisha. Julai mwaka ule ule wakaanza kurekodi huko California, Gore anakoishi, na jina wakaliacha kama lilivyo.

Mashabiki wote wanaijua habari hii, na ndiyo maana wanaisikiliza albamu kwa namna ambayo wewe, kwa kutoijua, hukuweza.

Lakini habari ya msiba peke yake haifanyi muziki kuwa mzuri. Nimesikia nyimbo nyingi za maombolezo ambazo zilistahili kupigwa siku ya mazishi na kisha kuwekwa kabatini. Kwa hiyo twende kwenye sauti zenyewe, maana hapa ndipo ulipoomba msaada.

Kinanda ulichokizoea kwenye taarabu ya siku hizi kimebeba sauti zilizokwisha pikwa kiwandani. Bonyeza hapa upate fidla, bonyeza pale upate filimbi. Gore ni mtu wa aina nyingine kabisa ya mtambo, sintesaiza ya vipande. Hebu fikiria ukuta mzima wa visanduku vya chuma. Kimoja kinatoa mtetemo mbichi, kama nyuki ndani ya kopo. Kingine kinauchuja ule mtetemo: ukikifunga unabaki mvumo mzito wa chini, ukikifungua zinaingia sauti za juu zenye kung'aa. Cha tatu kinaamua sauti ije kwa kishindo au iingie polepole, ikae kiasi gani, na ififie vipi. Unaviunganisha kwa waya za kuchomeka, kama mitambo ya simu ya zamani posta. Ukizichomoa zile waya, sauti imekwenda. Hata ukiandika kila kitu kwenye karatasi, kesho ukiunganisha tena haitatoka ile ile sawasawa, kwa sababu joto limebadilika na umeme umebadilika. Kwa hiyo mpigaji hukaa nayo usiku, akiipata sauti anainasa pale pale. Hiyo "mashine" unayoisikia imeguswa na vidole vya mtu kila sekunde, pengine kuliko gitaa.

Sikiliza wimbo wa kwanza, My Cosmos Is Mine, kwa masikio hayo. Ni mzito, unakokota miguu, na sauti zake zimekwaruzwa kwa makusudi kama spika iliyochanika. Nilipousikia mara ya kwanza nilifikiri waya wangu umelegea, nikainuka kutazama. Gore aliutunga mwanzoni mwa mwaka 2022 vita vya Ukraine vilipoanza, na maneno yake ni ya mtu anayefunga mlango: dunia yangu niachieni, msiichezee. Kuanzia albamu na mlango uliofungwa namna ile ni ushupavu. Bendi inayotafuta wasikilizaji wapya isingethubutu. Shabiki wa zamani anausikia na kuelewa kwamba hawa hawakuja kumbembeleza.

Wa pili, Wagging Tongue, una mistari miwili ya kinanda inayokimbizana, mwepesi, unachezeka. Umetungwa na Gore na Gahan pamoja, na hilo katika bendi hii ni jambo adimu sana. Miaka yote Gore aliandika nyimbo zake peke yake nyumbani kwake, Gahan naye alikuja na zake chache alizotunga na watu wengine, na Fletcher alikuwa katikati. Katikati pakabaki patupu. Wenyewe wamesema kwamba baada ya msiba ilibidi wazungumze moja kwa moja, uso kwa uso, kama hawajawahi. Ukilijua hilo, sauti zao mbili zinapokutana kwenye viitikio vya albamu hii zinakupa hisia nyingine: Gahan chini, sauti nene ya kifua, Gore juu yake, nyembamba, kama ndugu mdogo anayemshika mkono mwenzake kwenye ngazi.

Halafu Ghosts Again, wimbo wa mwiko kuachwa sufuriani. Huu ndio ninaokuomba usikilize mara tano kabla ya mwingine wowote. Gore aliuandika pamoja na Richard Butler wa bendi ya The Psychedelic Furs. Waliandika nyimbo nne za albamu hii kwa kutumiana kutoka mbali. Angalia unavyokwenda. Mwendo wake ni wa mtu anayetembea asubuhi kwenda kazini, wala si wa jeneza. Mapigo ni makavu na mepesi, kinanda kinarudia mstari mfupi usiochoka, na gitaa linaingia kwa noti chache kama mtu anayepiga mbinja. Maneno yanasema muda umekwisha, sote tutarudi kuwa mizimu. Muziki unasema tembea. Gahan yuko katikati ya hayo mawili na hasukumi. Mwimbaji mwingine angelia; yeye anaimba kama mtu anayesoma barua kwa watoto huku akijizuia.

Ninyi wa taarabu mnalijua hili kuliko mtu yeyote. Mwimbaji mzuri wa taarabu hakunji uso. Anasimama wima, leso mkononi, uso mtulivu, na maneno yanachoma peke yake. Anayeinuka kutunza ndiye mwenye kilio. Ghosts Again umejengwa kwa adabu hiyo hiyo. Mavyaa wako akigeukia dirishani, anafanya kile ambacho shangazi zako Tanga hufanya wanapoinuka na noti mkononi.

Na sauti ya Gahan usiichukulie kama sauti tu. Mwaka 1996 huko Los Angeles, kwa sababu ya dawa za kulevya, moyo wake ulisimama kwa dakika mbili. Mwaka 2009 madaktari walimkuta na uvimbe kwenye kibofu, katikati ya ziara, akafanyiwa upasuaji na kurudi jukwaani. Watu waliompenda tangu shule wamekaa mbele ya redio mara mbili wakisubiri kusikia kama amekufa. Aliyetangulia akawa yule mtulivu mwenye miwani, ambaye hakuna aliyekuwa akimhofia. Sasa Gahan anaimba habari za mahali ambapo yeye mwenyewe alifika akarudishwa, na aliyekwenda moja kwa moja ni mwenzake.

Ukipata nafasi itazame video ya wimbo huo. Iliongozwa na Anton Corbijn, Mholanzi aliyefanya kazi nao tangu mwaka 1986 na ambaye picha zake ndizo zilizowapa sura. Gahan na Gore wako juu ya paa, rangi nyeusi na nyeupe, wanacheza sataranji. Ni salamu kwa filamu ya Kiswidi ya mwaka 1957 ambamo askari anayerudi kutoka vitani anacheza sataranji na Mauti mwenyewe. Wanaume wawili wa umri wao, kete mezani, na hakuna wa tatu wa kukaa kando akashangilia.

Nyimbo nyingine nitazipita haraka isipokuwa mbili. Soul with Me anaimba Gore mwenyewe, na ni wimbo wa kuaga. Anayeimba yuko tayari kuondoka na haombi chochote. Sauti yake inapanda juu kabisa mahali ambapo mtu wa miaka 61 angesamehewa kama angeshusha. Mimi naupenda kuliko Ghosts Again, ingawa najua wengi hawatakubaliana nami. Wa pili ni People Are Good, wimbo wa mashine tupu, mapigo yanayodunda kwa usawa wa saa ya ukutani. Mwimbaji anajiambia kwamba watu ni wema, anarudia na kurudia kama mtu anayejaribu kujilaza usingizi. Kuuelewa ni lazima urudi mwaka 1984, walipokuwa na kibao kinachoitwa People Are People kilichouliza kwa nini watu wanachukiana, na kikashika nafasi ya kwanza Ujerumani Magharibi. Vijana wa miaka 22 waliuliza swali. Wazee wa miaka 60 wanarudi na jibu, na jibu lenyewe hawaliamini vizuri. Mavyaa wako alikuwa na miaka kama 13 swali lilipoulizwa. Amesubiri jibu muda mrefu.

Sitakwambia kila kitu humo ni dhahabu. Caroline's Monkey sioni kilichoufikisha kwenye albamu. Una kiitikio kimoja kinachozungushwa mpaka kinachosha. Katikati ya albamu, nyimbo tatu hivi zinafuatana kwa mwendo wa aina moja, na hapo ndipo nadhani wewe ulipoanza kuona mzee anaimba tu. Ukifika hapo usijilaumu. Ruka, nenda Never Let Me Go, wenye gitaa kali, kisha rudi siku nyingine.

Umeniuliza kama ni mapenzi ya zamani tu. Hilo lina sehemu yake, na nitaieleza kwa heshima kwa sababu ni sehemu kubwa ya maisha ya mama huyo. Utotoni mwake Ujerumani Mashariki santuri za Magharibi hazikuuzwa ovyo. Vijana walikaa usiku na redio za upande wa pili, kidole kwenye kitufe, wakinasa nyimbo kwenye kaseti. Na sauti waliyokuwa wakiinasa ilikuwa imekamilishwa karibu nao kuliko walivyodhani. Mwaka 1983 bendi ilizunguka kwenye maeneo ya ujenzi ya London wakigonga mabati na mabomba, wakazinasa zile sauti na kuzigeuza noti. Kisha wakaipeleka kazi studio ya Hansa, Berlin Magharibi, jengo lililokuwa hatua chache kutoka kwenye Ukuta. Albamu mbili zilizofuata, mwaka 1984 na 1986, nazo zilipitia hapo. Mtoto aliyekulia kati ya viwanda na migodi ya makaa, kama wengi wa huko Leipzig, hakuhitaji kuelezwa mdundo wa chuma.

Tarehe 7 Machi 1988 umoja wa vijana wa chama tawala, FDJ, uliwaleta Berlin Mashariki, ukumbi wa Werner-Seelenbinder-Halle, siku ya kuzaliwa kwa umoja huo. Nafasi zilikuwa za watu elfu chache tu. Tikiti ziligawiwa kupitia umoja, na waliokosa walibadilishana vitu vya thamani kubwa ili kuzipata. Kama mavyaa wako alikuwa ndani, mwanangu, alikuwa miongoni mwa wachache mno, na una hazina nyumbani. Miezi mitatu baadaye, tarehe 18 Juni, bendi hiyo hiyo ilijaza uwanja wa Rose Bowl huko California kwa watu zaidi ya 60,000, na mwaka uliofuata Ukuta ukaanguka.

Kwa hiyo ndiyo, anaposikia sauti ya Gahan anasikia miaka 17 yake. Lakini nikupe kipimo ninachokitumia mimi. Mpenzi wa zamani hununua kila kitu. Nenda kwenye rafu yake uangalie albamu za miaka ya 2009, 2013 na 2017, yaani Sounds of the Universe, Delta Machine na Spirit. Zote anazo. Muulize lini alizipiga mara ya mwisho kutoka mwanzo hadi mwisho. Zina nyimbo nzuri, lakini Delta Machine ililemewa na mambo ya bluzi, na Spirit ilikuwa na hasira ya siasa ambayo iliacha tuni nyuma. Tangu Playing the Angel ya mwaka 2005, mimi sikuwahi kupata kwao albamu ya kuimba nayo jikoni. Memento Mori ina tuni. Inakaa kichwani ukiwa unakatakata vitunguu. Prodyuza James Ford alikuwapo kwenye Spirit pia, lakini safari hii yeye na mhandisi Marta Salogni, Mwitaliano, waliacha nafasi kati ya sauti, wakaondoa kilichozidi. Nyimbo 12, kama dakika 50, na mtu anaweza kusikia kila chombo kilipokaa. Ilipotoka Machi 2023 ilishika nafasi ya kwanza Ujerumani na ya pili Uingereza, kwa watu waliokwisha kuwa na umri wa kustaafu. Mapenzi ya zamani humfikisha mtu dukani. Kila Jumapili, kwa miaka, hayamfikishi.

Kwetu tuna mfano, nikulinganishie mara moja tu. Msondo Ngoma, iliyoanza kama NUTA Jazz mwaka 1964, ilimzika TX Moshi William mwaka 2006 na Muhidin Gurumo mwaka 2014. Aliyewahi kwenda kuwatazama baada ya misiba ile anajua jinsi macho yanavyokwenda yenyewe pale mtu alipokuwa akisimama. Wimbo unaendelea, mwingine anashika ubeti, na watu wanacheza huku wanapatazama pale.

Depeche Mode hawakumweka mtu mahali pa Fletcher. Ziara ilianza Sacramento tarehe 23 Machi 2023 na kuishia Köln tarehe 8 Aprili 2024, maonyesho zaidi ya mia moja, na jukwaani walikuwa Gahan, Gore, mpiga ngoma Christian Eigner na Peter Gordeno kwenye vinanda, ambao wote wawili walikuwa nao tangu zamani. Walifungua na zile nyimbo mbili za mwanzo wa albamu, My Cosmos Is Mine na Wagging Tongue, za uzito kwanza, kabla ya vibao. Baadaye, ikifika World in My Eyes, picha ya Fletcher ilijaza skrini, kijana mwenye miwani, na uwanja wote ukaimba ukimtazama yeye badala ya waliokuwa wakipiga. Katika maonyesho mengi waliporudi kwa nyimbo za mwisho, Gahan na Gore walitoka peke yao hadi mbele kabisa, wakaimba wawili tu, bila mapigo, bega kwa bega. Na karibu na mwisho watu huinua mikono yote miwili na kuipeleka kushoto na kulia, uwanja mzima, kama shamba la mpunga upepo unapopita. Desturi hiyo wanayo tangu Rose Bowl. Mavyaa wako alifanya hayo yote jioni ile, siku ile ile ya mwaka.

Sasa Jumapili hii. Usianze na albamu nzima. Mwombe akupigie Ghosts Again peke yake, na wewe usiyafuate maneno kwanza; fuata besi, ule mstari wa chini, maana ndio unaotembea. Mara ya pili fuata gitaa. Mara ya tatu msikilize Gore nyuma ya Gahan kwenye kiitikio. Halafu mwombe Soul with Me. Albamu nzima muisikilize usiku mmoja kwa spika nzuri, taa chache, mpaka wimbo wa mwisho, Speak to Me, ambao Gahan ni mmoja wa watunzi wake. Unaanza kwa unyenyekevu mkubwa, karibu kama dua, mtu anaita na hajibiwi, kisha sauti zinapanda na kupanda mpaka zinajaza chumba. Usiinuke kwenda kuzima. Uache wenyewe unyamaze, na mkae kidogo bila kusema.

Mwulize pia kuhusu mwaka 1988: alisimama upande gani wa ukumbi, tikiti aliipataje, alivaa nini, nani alikuwa naye. Nadhani baadhi ya hao aliokuwa nao hawapo tena, na nadhani ndiyo maana ya dirisha.

Na tarehe 26 Mei ikifika, siku hiyo upike wewe. Pika pilau, kama tunavyopika kwetu mwaka wa marehemu ukitimia, weka sahani moja zaidi, na mwambie ni kwa ajili ya Fletch.